Sijaswali au Sikuswali? Kuchagua Wakati wa Kitenzi Tunapozungumza Kiingereza



Ndugu msomaji, muhula wangu wa kwanza hapa chuoni nilimtia hofu mwenzangu kwa sentensi ya maneno manne. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nimetoka maktaba na naelekea kutawadha. Kaka mmoja wa mwaka wa tatu, mwenyeji wa hapa Uganda asiyejua Kiswahili, alinikuta kwenye ngazi za hosteli akaniuliza: "Have you prayed Asr?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: "I did not pray."

Akasimama. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama naumwa, au kama kuna habari mbaya imetoka nyumbani. Mimi nikashangaa: kutawadha tu ndiko kumeleta maswali yote haya? Nilichotaka kusema ni "sijaswali", yaani ndiyo naenda sasa. Alichosikia yeye ni "sikuswali", yaani wakati umetoka na swala nimeiacha. Jibu sahihi lilikuwa "I haven't prayed yet."

Tulicheka baadaye. Lakini usiku ule niligundua jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia: tofauti niliyokosea katika Kiingereza naifahamu vizuri sana katika Kiswahili. Hakuna Mswahili anayechanganya "sijaswali" na "sikuswali". Mtoto wa madrasa anajua ipi ya kumjibu mama yake. Kumbe mizani ninayo tangu utotoni, ila sikuitumia.

Wengi wetu tulifundishwa nyakati za Kiingereza kwa majedwali ubaoni. Tuliyakariri, tukafaulu mtihani, na mbele ya mtu tukakwama, kwa sababu mazungumzo hayakupi nafasi ya kufungua jedwali. Makala haya hayatarudia majedwali. Yatakuonyesha namna ya kukipima Kiingereza chako kwa Kiswahili chako, ndani ya sekunde moja, kabla sentensi haijatoka mdomoni.

MIZANI YA KWANZA: IKANUSHE

Shida yetu kubwa ni kiambishi -me-. Katika mazungumzo tunakitumia kwa mambo mengi. Tunasema "nimelipa ada" na pia "nimelipa Jumatatu". Tunasema "nimemwona" na pia "nimemwona jana". Kiingereza hakikubali hivyo. Ukitaja siku au saa iliyokwisha, huwezi kutumia "have". Ndiyo maana "I have seen him yesterday" ni kosa, ingawa kwa Kiswahili cha mtaani hakuna anayekushangaa.

Ndugu zetu waliosoma kwa Kifaransa, kutoka Burundi na Kongo, na wale wa Rwanda walioanza shule kabla ya serikali yao kuamua mwaka 2008 kuhamia Kiingereza, wana mtego wa pili. Kifaransa husema "Je l'ai vu hier", na sentensi hiyo ina kitenzi kisaidizi chenye maana ya "have". Ukiitafsiri neno kwa neno unatua palepale penye kosa.

Dawa ni hii: chukua sentensi yako ya Kiswahili uikanushe. Ikija "sija-", tumia "have". Ikija "siku-", tumia wakati uliopita.

Tujaribu. "Nimelipa ada." Kanusha: "Sijalipa ada." Imekuja "sija-", basi mwambie mhasibu: "I have paid my fees." Sasa "Nimelipa Jumatatu." Kanusha: "Sikulipa Jumatatu." Huwezi kusema "sijalipa Jumatatu", sikio lako lenyewe litakataa. Imekuja "siku-", basi: "I paid on Monday."

"Nimemwona leo asubuhi" je? Hapa angalia saa. Kama bado ni asubuhi, mtu asiyemwona atasema "asubuhi hii sijamwona", na Kiingereza chake ni "I haven't seen him this morning." Kama ni jioni, atasema "asubuhi sikumwona", na Kiingereza ni "I didn't see him this morning." Maneno "this morning" ni yale yale. Kilichobadilika ni kwamba asubuhi imetoka.

Ukitaka kulikumbuka hili milele, kumbuka Alasiri yangu. Muda wa swala ukiwa bado upo, swali ni "Have you prayed?" Magharibi ikishaadhiniwa, mtu akitaka kujua habari ya Alasiri atauliza "Did you pray Asr?" Kwa hiyo usijiulize tu jambo lilitokea lini. Jiulize: ule muda ninaouzungumzia bado uko wazi, au umefungwa?

Mazungumzo mengi huanza na mlango wazi, kisha yakafunga. "Have you ever been to Jinja?" Umewahi kufika Jinja? "Yes, I have." Hapo mlango uko wazi, maana maisha yako hayajaisha. Halafu mwenzako anauliza "When did you go?" Ulienda lini? Neno "lini" limefunga mlango, na kuanzia hapo ni wakati uliopita: "I went last year. I stayed with my uncle." Anayeendelea kusema "I have gone last year, I have stayed with my uncle" anaeleweka, lakini anamchosha msikilizaji.

Angalizo dogo: Wamarekani wengi husema "Did you eat yet?" hata pale ambapo Waingereza husema "Have you eaten yet?" Ukiisikia kwenye filamu, usidhani umefundishwa vibaya. Shule na vyuo vyetu Afrika Mashariki vimefuata zaidi Kiingereza cha Uingereza.

MIZANI YA PILI: TANGULIZA "BADO"

Kuna -me- nyingine ambayo mizani ya kwanza haiitoshi. Umealikwa kwa rafiki siku ya Alhamisi, mama yake anakuletea chai na chapati. Wewe umefunga sunna. Unasema: "I have fasted." Yule mama anasikia kwamba ulifunga na umemaliza, basi anakusogezea sahani karibu zaidi. Ulitaka kusema "I am fasting."

"Nimefunga" haielezi tendo lililokwisha. Inaeleza hali niliyomo. Ndivyo zilivyo "amelala", "amekaa", "amesimama", "amevaa", "nimechoka", "nimeshiba". Kwa Kiingereza hizi zote husemwa kwa "am", "is" au "are": "He is sleeping", "She is sitting", "He is standing", "She is wearing a blue hijab", "I am tired", "I am full."

Utazitambuaje? Weka neno "bado" mbele. Bado nimefunga. Bado amelala. Bado amevaa koti. Bado nimechoka. Zote zinakubali. Sasa jaribu "bado amefika" au "bado nimelipa". Zinagoma. Basi -me- inayokubali "bado" ni hali, mpe "am, is, are". Inayoikataa irudishe kwenye mizani ya kwanza.

MIZANI YA TATU: WEKA "HU-"

Sasa tuje kwenye -na-. Kwa Kiswahili "ninafanya kazi dukani" inaweza kuwa ndiyo ajira yangu, na inaweza kuwa ndicho ninachokifanya dakika hii. Kiingereza kinatenga: "I work in a shop" ni ajira, "I am working" ni sasa hivi au siku hizi tu.

Jaribu kuondoa -na- na kuweka hu-. Ikiwa maana yako haijaharibika, ni mazoea, tumia kitenzi kitupu. "Ninafunga Jumatatu na Alhamisi": mimi hufunga, sawa, kwa hiyo "I fast on Mondays and Thursdays." "Ninakunywa chai, subiri kidogo": huwezi kusema "mimi hunywa chai, subiri kidogo". Basi ni "I am drinking tea." Hata basi la kwenda nyumbani linapimwa hivyo: basi huondoka saa kumi na mbili, "The bus leaves at six."

Mizani hii ina uzito kwetu hasa tunapokataa kitu. Umekwenda kwenye hafla ya ofisi unakofanya mafunzo ya vitendo. Unapewa kinywaji, unajibu: "Thank you, I am not drinking." Aliyekupa anaelewa kwamba leo tu hunywi, labda unatumia dawa au unaendesha gari, na wiki ijayo atakuletea tena. Hujasema uongo, lakini hujasema unachokiamini. Sema "I don't drink." Vivyo hivyo "I don't eat pork", wala si "I am not eating pork". Kwa Kiswahili "sinywi" na "sili" hazituonyeshi tofauti hiyo, ndiyo maana tunateleza. Jiulize: ni desturi yangu, au ni leo tu?

Kuna kundi la vitenzi ambalo halipendi "-ing" hata kama unazungumzia dakika hii. Ni vitenzi vya moyo, vya akili na vya kumiliki: "know", "believe", "understand", "want", "need", "like", na "have" yenye maana ya kuwa na kitu. Utasikia kila kona ya chuo "I am having a question" na "I am not understanding". Sisi kwa sisi tunaelewana. Lakini mbele ya jopo la usaili sema "I have a question" na "I don't understand". Ukisema "I am having lunch" uko sawa, kwa sababu hapo "have" ni kula, si kumiliki.

TANGU JUMANNE

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu hapa kosa la kitenzi linaweza kugusa afya ya mtu.

Mwenzangu wa chumbani, aliyesoma kwa Kifaransa hadi sekondari, alipata homa Jumanne. Ijumaa alikwenda kwenye zahanati peke yake. Alipoulizwa shida yake alisema: "I had fever for three days." Kwa masikio ya Kiingereza, hiyo ni homa iliyokuja, ikakaa siku tatu, ikaondoka. Alipoulizwa kama kuna maumivu mengine alitaja kichwa, akapewa vidonge vya maumivu akarudi. Usiku ule alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Asubuhi nilimpeleka mimi mwenyewe. Nikasema: "He has had a fever since Tuesday, and he still has it." Damu ikapimwa, ikaonekana malaria. Alhamdulillah, alipona.

Simlaumu tabibu wa Ijumaa. Alitibu sentensi aliyoisikia.

Kanuni yake ni hii. Jambo lililoanza nyuma na halijaisha, Kiswahili hulisema kwa wakati uliopo: "Nina homa tangu Jumanne", "Ninaishi hapa tangu 2022". Kifaransa nacho hufanya hivyo. Kiingereza hutaka "have" au "has": "I have had a fever since Tuesday", "I have lived here since 2022". Ukisema "I have fever since Tuesday" utaeleweka kwa huruma. Ukisema "I had" umeshaliondoa jambo lenyewe.

Na ukihesabu muda, tumia "for": "for three days", "for two years". Ukitaja mahali pa kuanzia, tumia "since": "since Tuesday", "since January". Sentensi moja ya namna hii ikariri kabla hujaumwa: "I have had this pain for two days." Ipo siku utaihitaji.

TUNAPOSIMULIA

Kiswahili kina kiambishi kitamu cha kusimulia, -ka-. Tunaanza na -li- mara moja, kisha tunatiririka: nilikwenda sokoni, nikanunua ndizi, nikarudi. Kwa kuwa -ka- haibebi wakati yenyewe, tunapohamia Kiingereza tunaanza vizuri kisha tunausahau wakati njiani: "I went to the market, then I buy bananas, then I come back." Kwa Kiingereza kila kitenzi hubeba mzigo wake: "I went, I bought, I came back." Kila -ka- unayoisikia kichwani ni wakati uliopita.

Isipokuwa palipo na "did". Hiyo imeshabeba wakati, na kitenzi kinachofuata hupumzika: "I did not go", si "I did not went". Ni kama "siku-" yetu: tunasema "sikuenda", hatusemi "sikulienda".

Tendo lililokuwa likiendelea wakati jingine linaingia, Kiswahili na Kiingereza ni ndugu. "Nilikuwa naswali simu ilipolia" ni "I was praying when my phone rang." Angalia usije ukasema "I prayed when my phone rang." Maana yake itakuwa simu ililia, ndipo ukaswali, kana kwamba simu ndiyo adhana yako.

TUNAPOTAJA KESHO

Miadi iliyokwisha kupangwa, yenye mtu na saa yake, hutumia "-ing": "I am meeting my supervisor tomorrow at ten." Kiswahili kinakubaliana: "Nakutana na msimamizi wangu kesho saa nne." Uamuzi unaoufanya palepale hutumia "will": simu inalia, unasema "I'll answer it." Mtu akikuita nawe uko njiani, ile "naja" yetu ni "I'm coming." Na "insha'Allah" haibadilishi kitenzi. Iweke mwishoni, kitenzi kibaki kama kilivyo.

Penye "when" na "if", Kiswahili kinakuokoa. Sisi husema "nikifika nitakupigia". Sehemu ya kwanza haina -ta-. Kiingereza ni vivyo hivyo: "When I arrive, I will call you." Anayesema "When I will arrive" ameazima kutoka Kifaransa, ambacho penye "when" huweka wakati ujao pande zote mbili. Palipo na -ki-, usiweke "will".

ZOEZI

Funika majibu, kisha sema kila sentensi kwa Kiingereza kwa sauti. Usiandike, maana lengo ni ulimi.

1. Nimewasilisha kazi yangu jana.
2. Mhadhiri amesimama mlangoni.
3. Ninaishi hosteli tangu Januari.
4. Mimi sivuti sigara.
5. Tukimaliza mitihani tutasafiri.
6. Hujafuturu?
7. Nilikuwa nasoma umeme ulipokatika.
8. Aliingia, akatusalimu, akakaa.

MAJIBU

1. "I submitted my assignment yesterday." Kanusho ni "sikuwasilisha jana".
2. "The lecturer is standing at the door." Inakubali "bado amesimama".
3. "I have lived in the hostel since January." Ilianza na inaendelea.
4. "I don't smoke." Ni desturi, si leo tu.
5. "When we finish the exams, we will travel." Penye -ki- hakuna "will".
6. "Haven't you broken your fast yet?" Ni "huja-", na jambo bado linangojewa.
7. "I was reading when the power went off." Tendo moja lilikuwa likiendelea, jingine likaingia.
8. "He came in, greeted us and sat down." Kila -ka- ni wakati uliopita.

Ukipata sita au zaidi, mfundishe mwenzako. Ukipata chini ya hapo, usivunjike moyo. Chukua mizani moja kila wiki. Wiki hii jisikilize kwenye -me- tu, na kila unapotaka kusema "have", ikanushe kwanza kimoyomoyo. Mwanzoni utachelewa kidogo kujibu, na watu watakuona mtu mwenye kufikiri kabla ya kusema. Hilo nalo si baya.

Usikubali mtu akwambie kwamba Kiswahili ndicho kinachokuharibia Kiingereza. Mimi kilikuwa kinaniharibia nilipotafsiri bila kupima. Nilipoanza kupima, kikawa mwalimu wangu. Na yule kaka wa kwenye ngazi bado hunitania kila tunapokutana jioni. Huniuliza, "Did you pray, or have you prayed?" Nami humjibu kulingana na jua lilipo.

Wassalaam alaykum.